Mita inazunguka na bomba zimefungwa

Sisi ni vijana sita kutoka Kivu, tumepanga vyumba viwili Nsambya, hapa Kampala. Ua wetu una vyumba saba na bomba zinazotumia mita moja, kwa hiyo bili ya maji tunagawana. Mwezi mmoja bili ikaja karibu mara mbili. Mama mwenye nyumba akasema mbele ya watu wote: "Nyinyi Wakongomani ndio mnamwaga maji ovyo!" Tukanyamaza. Tungejibu nini? Tuliogopa kufukuzwa.

Wakati huo tulikuwa tumeanza darasa la jioni la ufundi bomba. Tuseme ukweli, wengi wetu tuliingia kwa sababu ni bure. Wiki ya kwanza tulijifunza kufunga koki kuu kabla ya kufungua chochote. Wiki ya pili, kubadilisha raba ya ndani ya bomba linalodondosha, na kuzungusha ile tepu nyeupe kwenye uzi wa paipu. Lazima ifuate upande wa kukazia, la sivyo inafunguka ukikaza. Hapo tulikosea mpaka mwalimu akacheka.

Wiki ya tatu akatufundisha mita. Funga bomba zote, mtu asichote, kisha angalia. Kama bado inazunguka, kuna mahali maji yanatoroka.

Tulifika nyumbani saa tatu usiku. Tukapita mlango kwa mlango: "Samahani jirani, tusichote maji kwa nusu saa tu." Tukamulika mita kwa simu. Kumbe inazunguka, polepole! Tukaenda kubisha kwa mama: "Nyabo, tunaomba uje uangalie."

Aliangalia muda mrefu bila neno. Kesho yake tukachimba kando ya ukuta, udongo wote matope. Kiungio cha paipu kilikuwa kimepasuka. Yeye akanunua kipya, sisi tukakifunga, mwalimu wetu akakagua. Msamaha hakuomba. Lakini bili iliyofuata ilishuka, na siku hizi bomba likisumbua anatuita sisi kwanza.

Ndugu zetu wa mashirika, asanteni kwa vyeti. Ila darasa likiisha spana zinarudi stoo, na sisi tunabaki mikono mitupu. Hata spana mbili za kuazimana zingetusaidia sana.

Na nyinyi wenzetu mnaogawana bili: leo usiku, kabla ya kulala, fungeni bomba zote muangalie mita.