ZAWADI NILIYOMPELEKEA KUKHU

Kutoa ni moyo wala si utajiri. Kwa methali hiyo nilijipa moyo Desemba 2023 nilipotumwa Bungoma kumsalimia Kukhu, nami mfukoni sina hata pesa za kununulia mkate. Nyumbani kwetu hapa Kitale, kando ya meza ya televisheni, kulikuwa na lile ua ambalo bila shaka hata wewe umeliona sebuleni mwa watu au katika afisi za wakubwa. Majani yake ni mapana, ya kijani, yenye madoa meupe, na shina lake ni nene lenye pingili. Nilikata kipande chenye majani matatu, nikakipanda katika mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaupakata mkebe huo ndani ya matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, kana kwamba nimebeba mtoto mchanga.

Kukhu alifurahi ajabu. Aliliweka barazani, akawaambia majirani kwamba hata yeye sasa ana ua la mjini.

Ieleweke kwamba Bungoma ni kwa miwa. Mtoto wa huko huanza kutafuna muwa kabla hajajua kuhesabu meno yake. Siku ya nne kitindamimba wa baba mdogo, mtoto wa miaka minne, alipita barazani akaona shina lenye pingili. Alifanya nini? Alilivunja, akalimenya kwa meno.

Tulisikia ukemi. Tulipofika, mtoto alikuwa ametoa ulimi nje, udende unamtoka kama maji ya mfereji, midomo imevimba. Alijaribu kumwita mamake, sauti ikakataa. Mimi miguu ilinilegea. Nilijua ni ua langu kwa sababu kipande alikuwa bado amekishika.

Jirani mmoja alikuja mbio na kikombe cha maji ya chumvi. "Mnywesheni atapike!" Kukhu akamzuia. Aliuchukua ule utomvu wa shina, akajipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono, akangoja, akaanza kujikuna.

"Hii ni nduma," akasema. "Ni nduma ya mjini."

Alimpangusa mtoto kinywa kwa kitambaa chenye maji, akamsukutua mara kadhaa, akampa maziwa baridi kidogo kidogo. Kisha baba mdogo akampakia kwenye bodaboda hadi zahanati. Huko waliangalia kupumua kwake hadi jioni, kwani ulimi na koo vikivimba sana hewa hukosa njia. Daktari alisema kuwa tungemtapisha, sumu ingepita kooni mara ya pili na kumchoma upya. Alirudi usiku amelala begani mwa babake.

Januari 2024 shule zilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wetu wa bayolojia. Aliniambia ua hilo linaitwa Dieffenbachia, na asili yake ni Amerika ya joto. Waingereza huliita kwa jina lenye maana ya muwa wa bubu, kwa sababu anayelitafuna hupotewa na sauti kwa muda. Ndani ya majani na shina mna chembe ndogo mno za chumvi ya kalisiamu zenye umbo la sindano, na ukitafuna zinachoma nyama ya kinywa. Paka au mbwa akiling'ata naye hutoka udende vivyo hivyo. Tena ni jamii moja na nduma! Ndiyo sababu nduma mbichi huwasha, na ndiyo sababu mama zetu huichemsha sana. Kukhu hakusoma hata darasa la tatu, lakini alikuwa amemenya nduma za mtoni miaka hamsini.

Lakini nimeruka. Kesho yake asubuhi, kabla sijarudi Kitale, Kukhu alinishika mkono tukazunguka boma. "Mbuzi wangu alifungwa karibu na ua lako siku tatu," akasema, "hakuligusa. Nami sikujiuliza." Tulipita kwenye uzio. Kulikuwa na mnyaa, ambao utomvu wake mweupe ukiingia jichoni utalia hadi kesho. Kulikuwa na ule mti wa maua ya manjano kama kengele, Thevetia, wenye tunda la kijani ambalo kokwa lake huweza kuusimamisha moyo. Nyuma ya choo mlikuwa na mbarika, na mbegu zake za madoadoa watoto wanazichezea kama shanga. Akitafuna chache tu, mambo yamekwisha. Hayo yote tuliyapanda wenyewe, na sababu ni moja: mbuzi hayali! Tunaliona hilo kuwa sifa njema ya uzio, na hatuulizi mbuzi ameona nini. (Hata mbuzi hukosea akiwa na njaa, au akitupiwa matawi yaliyokauka.)

Kukhu aling'oa mbarika siku hiyo hiyo. Uzio aliuacha, maana ng'ombe wangetoka. Aliwakusanya tu wajukuu akawaonyesha tunda moja moja. Mahali pa ua langu barazani sasa pana waridi. Waridi lina miiba, lakini mwiba humfunza mtoto palepale.

Kazi ngumu iliningoja Kitale. Mdogo wangu alikuwa ameanza kusimama akishikilia meza ya televisheni, na jani moja lilimgusa shavu. Nililitoa lile ua. Mama alikasirika, akasema mimi mwenyewe nilikulia pale na sikufa. Tulibishana siku mbili. Mwishowe baba alilipandisha juu ya kabati, ambako majani yanagusa dari na hakuna anayeliona vizuri. Wageni wakija huuliza lile ua zuri lilikwenda wapi, na mama hunitazama mimi.