Machweo ya Entebbe na Matabaka ya Anga

Mji wa Entebbe, nchini Uganda, umejengwa juu ya rasi iingiayo Ziwa Viktoria, kaskazini kidogo ya Ikweta. Huko jua halikawii kuzama: ikikaribia saa moja jioni huteremka kama lililotupwa, na anga hugeuka kutoka samawati hadi zafarani pasipo mpaka uonekanao.

Msafiri apigaye picha ya machweo hayo kwa kamera ya dijitali, kisha akaikoleza rangi kwenye kompyuta, huenda akaliona anga limegawanyika matabaka kama ngazi. Kwanza na aikuze picha hadi asilimia 100. Matabaka yakitoweka, picha ni nzima, ila kioo kiliipunguza tu. Yakibaki, sababu ni hesabu. Picha ya JPEG ina viwango 256 kwa kila rangi ya msingi; anga hutumia vichache, na vikivutwa huachana. Dawa ni kupiga faili ghafi, lenye viwango 4,096 au 16,384, kulihariri kwa biti 16, kunyunyiza chembechembe hafifu angani ili kingo zifichike, na kuhifadhi JPEG mwishoni.

Hapo askari aliye lindoni mbali ataletewa jioni ya kwao kama ilivyokuwa.