Hazina Isiyo na Sanduku

Kusini ya mji wa Sydney, mwendo wa saa nne hivi kwa motokaa, pwani ya jimbo la New South Wales katika nchi ya Australia imevikwa msitu wa mikalitusi unaoteremka hadi ukingoni mwa bahari. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Murramarang, mahali ambapo kangaruu hutoka msituni wakala majani hatua chache tu kutoka yanapovunjikia mawimbi. Karibu na kijiji cha South Durras iko rasi ya miamba iitwayo Wasp Head. Haina sanamu wala jengo la fahari. Hata hivyo, tangu mwezi wa Januari, 2004, watu wamekuwa wakifika hapo, chombo cha kupokea satelaiti mkononi, wakitafuta hazina. Sanduku hawalitafuti, maana sanduku halipo.

Ili msomaji aelewe jambo hilo, hana budi kwanza kujua mchezo wenyewe ulivyoanza. Satelaiti za GPS ziliwekwa angani na majeshi ya Marekani kwa kazi za kijeshi. Kwa miaka mingi raia walipewa ishara iliyoharibiwa kwa makusudi, hata mtu aliweza kukosea mahali alipo kwa mita 100 hivi. Tarehe 2 Mei, 2000, kizuizi hicho kiliondolewa, na kosa likapungua likawa la mita 20 hivi au chini yake. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vyake vya latitudo na longitudo. Ndani ya ndoo mlikuwa na vitabu, kopo la maharagwe na vitu vingine vidogo. Aliyeiona alitakiwa achukue kitu na kuacha kingine. Kutokana na ndoo ile moja umezaliwa mchezo uitwao jiokachingi, ambao leo una hazina zaidi ya milioni 3 duniani.

Lakini sanduku lililofichwa lina matata yake, na wa kwanza kuyajua ni askari. Mwezi wa Julai, 2011, katika mji mdogo wa Wetherby huko Uingereza, mtu alionekana akiweka kijisanduku nje ya mkahawa, kisha akaenda zake. Polisi waliitwa, watu wakaondolewa, barabara zikafungwa, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Kumbe kilikuwa kitu cha mchezo tu! Hata hivyo askari wale hawastahili kulaumiwa. Mlinzi aonaye kifurushi kisicho na mwenyewe hawezi kukichukulia kuwa mzaha, na siku atakayokidharau ndiyo siku ya msiba.

Walezi wa mbuga nao walikuwa na malalamiko yao. Sanduku huwavuta watu nje ya njia, majani yakakanyagwa na udongo ukafukuliwa. Kwa hiyo hifadhi nyingi za taifa za Marekani zilikataa vitu visiachwe katika ardhi yao.

Hapo ndipo wachezaji walipobuni hazina zisizo na chombo. Kwanza zilikuja zile ambazo mtu huongozwa hadi kwenye mnara au jiwe la kumbukumbu, akajibu swali ambalo jibu lake limeandikwa hapo hapo. Nyingine zilimtaka mchezaji asimame mbele ya kamera ya barabarani, na rafiki aliye mbali aihifadhi picha yake. Mwaka 2005 mapokezi ya hazina mpya za namna hizo mbili yalifungwa, kwa kuwa ubishi ulikuwa umezidi juu ya mahali gani panastahili na mahali gani hapastahili. Zile za maswali zilifunguliwa tena mwaka 2017 kwa kipimo tu, wachezaji 4,000 hivi wakipewa ruhusa ya kutunga moja moja. Siku hizi ipo pia namna ya simu ya mkononi, ambayo swali hufunguka mtu akishafika mahali penyewe, na kwa kawaida safari moja huwa na vituo vitano.

Namna iliyokita mizizi kuliko nyingine ni EarthCache, yaani hazina ya ardhi, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Ya kwanza kabisa ndiyo ile ya Wasp Head. Afikaye hapo maji yakiwa yamekupwa huona miamba iliyojaa mawe ya kila ukubwa, yameshikamana kama kokoto ndani ya zege. Miamba hiyo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 270. Zama hizo Australia ilikuwa karibu na Ncha ya Kusini, nayo imeungana na Afrika katika bara moja kubwa. Mabarafu yaliyoelea baharini yalibeba mawe, na yalipoyeyuka yaliyaangusha katika matope ya chini. Makaa ya mawe ya Mchuchuma, kusini ya Tanzania, nayo yalianza kufanyika katika zama hizo hizo.

Mgeni haruhusiwi kubanduka na hata kipande cha jiwe. Kazi yake ni kutazama, kupima, kulinganisha na kuandika majibu, kisha ampelekee mwenye hazina. Hakuna daftari la kutia sahihi, wala mlinzi wa kuhakikisha. Aliyekaa nyumbani akabuni majibu aweza kumdanganya mwenzake, ila hatakuwa ameyaona mawe yale.

Kwa familia yenye watoto, mchezo wa namna hii hauhitaji gharama kubwa. Yatosha mzazi kuchagua mahali panaporuhusiwa, mathalani kilima, mto au mnara wa kumbukumbu, akatunga maswali matatu ambayo hayajibiki ila kwa kufika na kutazama. Watoto hurudi wamechoka, mifuko mitupu, na mengi ya kusimulia. Nako kule walikopita hapabaki kitu cha kumtia askari wa zamu wasiwasi.