Mkutubi Si Yaya



Maktaba kuu ya Johannesburg, iliyofunguliwa katikati ya mji mwaka 1935, haikuwaruhusu wasio Wazungu hadi mwaka 1974. Siku hizi maktaba za mji huu hazimbagui mtu, nasi wageni tumo. Lakini mlango usiomuuliza mtoto wetu katoka wapi haumuulizi mtu mzima yeyote pia, na hapo ndipo penye hoja yetu.

Sisi tuliostaafu ualimu hupenda kukaa maktabani alasiri na magazeti yetu. Twawaona watoto wa jumuiya wakiletwa shule zikiisha, wakaachwa humo mpaka duka la baba lifungwe. Hatuwalaumu wazazi. Kodi ya nyumba haingoji, na heri maktabani kuliko barabarani. Ila mtoto wa miaka tisa akabidhiwapo mdogo wake wa miaka minne, hasomi yeye wala hasomi mdogo. Huyu hukimbia baina ya rafu, yule humfuata, biskuti humwagika vitabuni, na mkutubi mwenye kazi yake hugeuzwa yaya.

Kelele ni jambo dogo. Mtoto anayecheka na kitabu hatuudhi kamwe. Jambo kubwa ni choo, ambacho huingia watu wa kila namna, wala mdogo hafai kwenda peke yake. Kubwa zaidi ni saa ya kufunga. Mwezi Juni jua huzama hapa kabla ya saa 11:30 jioni. Mwaka 2023, umeme ulipokuwa ukikatwa mara kwa mara, tuliwakuta watoto watatu nje ya maktaba moja iliyofungwa mapema, mikoba mgongoni, baba yao akiamini wamo ndani. Hakuna hata mmoja aliyejua namba ya simu ya nyumbani. Tuliketi nao kibarazani hadi Magharibi.

Mtoto anayeweza kuhifadhi Alhamdu aweza kuhifadhi namba mbili za simu. Tena mzazi asimshushe mtoto mlangoni akaondoa gari; aingie, amwamkie mkutubi, aulize leo wanafunga saa ngapi. Na mtoto aambiwe waziwazi kwamba hatoki na mtu, hata msema Kiswahili fasaha, ila yule aliyetajwa na mama asubuhi.

Mtoto akipotea, Mungu apishe mbali, nendeni kituo cha polisi saa ile ile na picha yake, au pigeni 10111. Wako wanaodhani ni lazima kungoja saa 24. Sivyo, katika nchi hii hakuna sharti hilo. Mwenye hofu kwa ajili ya vibali na afuatane na jirani, lakini aende.

Wazee watatu tumekubaliana kukaa zamu maktabani Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 8 mchana. Hatutachukua walio chini ya miaka sita, kwani magoti yetu hayakimbii tena. Mwenye kutaka atuone baada ya sala ya Ijumaa, aje na mtoto mwenyewe tujuane.