Subiri kwanza kununua laini kubwa

Tanga, 9 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

 Mama yako ameniambia kwamba simu za mtandao hapo kazini kwako hukatakata kila saa nne asubuhi, nawe umeshamwomba bosi anunue laini kubwa zaidi. Subiri kwanza, huenda tatizo si laini.

Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini! Na laini ilikuwa nzima. Kila kompyuta ilipoona pakiti zake hazijafika ilizituma tena, na njia iliyokwisha kujaa ikazidi kujaa. Van Jacobson na Michael Karels wakaitia adabu TCP, itifaki inayosimamia utumaji huo: anza kidogo, ongeza taratibu, pakiti ikipotea punguza hapohapo. Waliyaandika hayo mwaka 1988.

Lakini adabu hiyo inategemea pakiti kudondoka. Modemu yenye bafa kubwa, yaani hifadhi ya muda ya pakiti, haidondoshi, inarundika. Nimepima hapa nyumbani: ping, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, ilikuwa milisekunde 30; binamu yako alipoanza kupandisha video ya harusi, ikafika 900. Simu hutoa pakiti ya sauti kila milisekunde 20, nazo zote zikapanga foleni nyuma ya bibi harusi. Hebu angalia kama hiyo saa nne si saa ya kutuma nakala rudufu.

Weka kikomo cha kupandisha kwenye ruta yako, kama asilimia 90 ya kasi halisi ya laini. Foleni itahama kutoka kwenye modemu ije kwako, ambako wewe ndiye mwenye usemi. Washa fq_codel, kanuni ya kusimamia foleni hiyo; CoDel iliyomo ndani yake ni kazi ya Kathleen Nichols na huyohuyo Jacobson, 2012. Kisha sauti ipite mbele kwa alama ya kipaumbele, DSCP 46, nayo uiwekee kikomo. Alama hiyo nje ya ruta yako usiitegemee, watoa huduma wengi huipuuza.

Bosi naye atataka kompyuta yake ipite mbele. Mkatalie kwa heshima, maana wakifuata na wahasibu hakutakuwa tena na mbele.

Pima ping kesho saa nne, kabla na baada, uniandikie namba. Sitaki kusikia "naona kama afadhali".

Mjomba wako