Skuli Iliyoanza Kufundisha Usukani

Katikati ya Jimbo la Pennsylvania, katika nchi ya Marekani, yapata kilomita 300 kutoka Philadelphia, kuna bonde lililozungukwa na vilima, na ndani yake umo mji uitwao State College. Mji huu umelipata jina lake kwa chuo chake kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1855 kikiwa skuli ya wakulima. Upande wa mashariki umesimama Mlima Nittany, wenye miti tangu chini hata kileleni. Tulifika huko mwezi wa Oktoba, majani yake yakiwa yamegeuka rangi ya dhahabu na ya kutu, nasi tukapokewa na jamaa zetu wa asili ya mwambao ambao wamefanya maskani yao katika nchi hiyo.

Lililotuvuta si chuo kikuu, bali skuli ya sekondari ya mji, ambayo siku hizi iko katika barabara ya Westerly Parkway. Mwaka 1934 Bwana Amos Neyhart, mwalimu wa uhandisi katika chuo kikuu, alianza kuwafundisha wanafunzi wa skuli hiyo kuendesha motokaa, na hilo huhesabiwa kuwa darasa la kwanza la namna hiyo katika Marekani. Yasemekana kwamba motokaa yake, iliyokuwa imesimama kando ya njia, iligongwa na mlevi. Bwana huyo hakuishia katika kulalamika. Aliichukua motokaa yake mwenyewe akaifanya chombo cha kusomeshea, na baadaye akawafundisha walimu wengine ili nao wakafundishe kwingine.

Huenda msomaji akauliza: Je, kushika usukani ni elimu ya kutiwa katika skuli? Jawabu tuliliona katika mtaala wa jimbo lile, ambamo afya, usalama na mazoezi ya viungo vimewekwa katika fungu moja. Mwili ni neema, na usalama ni ulinzi wa neema hiyo. Mazoezi ya viungo nayo ni somo lenye saa zake na mwalimu wake, wala si mchezo wa kupotezea wakati. Sisi tuliofundishwa kwamba Muumini mwenye nguvu hupendeza zaidi kwa Mola wake, na ambao Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), haifai tuwe nyuma katika jambo hili, kwa wavulana wala kwa wasichana, maadamu stara imehifadhiwa.

Sheria yao ya usukani imepangwa kwa subira. Kijana haruhusiwi kuanza kujifunza mpaka atimize miaka 16, tena kwa idhini ya mzazi. Kisha hukaa si chini ya miezi sita akijizoeza, na mtu mzima mwenye leseni ameketi karibu naye. Kabla ya mtihani yampasa awe ameendesha saa 65. Katika hizo, 10 ziwe za usiku, na 5 ziwe katika hali mbaya ya hewa. Akifaulu hupewa leseni ya mwanzo, ambayo kwa kawaida haimruhusu kuendesha tangu saa tano za usiku hata saa kumi na moja za alfajiri.

Na ni nani ahesabuye saa hizo? Si polisi. Ni mzazi, naye hutia sahihi yake kuwa zimetimia. Katika nyumba tuliyofikia, kijana alikuwa na saa 58 katika daftari lake. Akamwambia babake, “Baba, saba tu zimebaki. Wenzangu wametiliwa sahihi na wazee wao.” Babake akamjibu, “Mwanangu, sahihi yangu ni ushahidi. Wanitaka nishuhudie nisiloliona?” Usiku ule ule, baada ya sala ya Isha, wakatoka wawili kwenda kupunguza saa zilizobaki.

Kuhusu maktaba twasema kwa uangalifu, kwani si kila la Wamarekani ni la kuigwa. Jimbo lile limehesabu saa za usukani, lakini halina sheria ya kuzilazimisha skuli kuwa na maktaba. Katika Philadelphia skuli nyingi za serikali hazina mwangalizi wa vitabu. Nasi tusiwacheke, kwani neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) ni amri ya kusoma, na madrasa zetu ngapi zina japo kabati moja la vitabu ambalo mtoto aweza kulifungua?

Enyi wazazi wenzetu, tutazame ya kwetu. Kijana hufundishwa pikipiki na rafiki yake jioni moja uwanjani, na kesho yake yuko barabarani na abiria wawili nyuma. Mwingine hununuliwa leseni kwa rushwa, ilhali twajua laana iliyomshukia mtoaji na mpokeaji wake. Sisi tusomeshao vyuoni tumewasindikiza makaburini wanafunzi ambao Juzuu Amma waliihifadhi mbele yetu. Dini imetufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi itakuwaje kwa mzazi aliyeutia udhia njiani kwa mkono wake, kwa kumkabidhi ufunguo mtoto asiyejua?

Hatuna haja ya kungoja serikali wala fedha za ng'ambo. Daftari la saa ni la shilingi chache. Baba, mjomba au kaka mwenye leseni na akaketi na kijana, amhesabie, na asishuhudie ila alilolishuhudia. Hiyo ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu majiani na majumbani. Amin.