Idodi: Waya mwembamba unaorudisha watoto nyumbani

Barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huanza kwa kuteremka. Inapita Kalenga, ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa hadi Wajerumani walipoiteka Oktoba 1894, na ambako fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 linahifadhiwa. Kisha baridi ya mjini inabaki nyuma. Makoti yanavuliwa, mibuyu inaanza kuonekana na vumbi linaingia hadi kwenye meno.

Idodi iko huku chini, kabla ya kufika Tungamalenga. Watalii wengi huipita kwa haraka wakiwahi tembo wa hifadhini. Wenyeji nao wana tembo wao, wale wanaotoka porini usiku na kuingia shambani. Ndiyo maana vijiji vya tarafa hii na jirani zao wa Pawaga vina jumuiya ya kusimamia wanyamapori iitwayo MBOMIPA, kifupi cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga.

Maisha ya hapa yanategemea mpunga unaonyweshwa kwa mifereji, na siku hizi yanategemea pikipiki pia. Pikipiki hupeleka mpunga mashineni, mjamzito zahanati na mwanafunzi shuleni.

Mama, mwana na fundi

Jumamosi moja asubuhi, mama mmoja mkulima alifika kwa fundi pikipiki anayefanyia kazi chini ya mti, kando ya barabara. Nyuma yake kijana wake alikuwa akisukuma pikipiki, uso ameuinamisha. Pikipiki ile mama aliinunua kwa fedha za mavuno ya misimu miwili.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama. Karibu."

"Nimekuletea huyu na pikipiki yake. Wote wawili wanaumwa."

Kijana alikuwa amekaa na siri kwa siku nne. Jumanne jioni alikuwa amebeba wanafunzi wawili mishikaki, mmoja wao mdogo wake wa darasa la sita. Karibu na korongo aliachia mkono wa mafuta ili apunguze mwendo, lakini injini ikaendelea kuvuta. Alikanyaga breki, akabana klachi, akazima kwa ufunguo. Walisimama hatua chache kabla ya ukingo. Mama hakuambiwa na yeye. Aliambiwa na binti, usiku, wakati wa kulala.

"Ni silensa tu iko juu, mama," kijana alijitetea. "Fundi, ishushe kidogo, kuna abiria ananisubiri."

Silensa ni ule mngurumo wa injini wakati dereva hajavuta mafuta. Ipo skrubu ya kuupandisha na kuushusha, na kijana alishaizungusha mwenyewe mara mbili wiki hiyo. Fundi hakuigusa. Alishika mkono wa kulia wa usukani, akauvuta hadi mwisho, akauachia. Ulirudi polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini.

"Hapa ndipo penye ugonjwa. Skrubu hujaionea?"

Waya kwanza

Kutoka kwenye mkono wa mafuta hadi kwenye kabureta kuna waya wa chuma uliofumwa kwa nyuzi nyembamba, unaopita ndani ya mrija mweusi. Dereva akivuta, waya unainua kizibo cha kabureta, na hewa na petroli vinaingia kwa wingi. Akiachia, springi inakirudisha kizibo chini. Waya ukikwama, springi inashindwa, na injini inaendelea kuvuta kana kwamba mkono bado umekaza.

Fundi aliuchomoa waya. Mrija ulikuwa umejaa vumbi lililoshikana na grisi ambayo kijana aliipaka akidhani anatibu. Kule mwisho, nyuzi tatu zilikuwa zimekatika na kusimama kama ndevu za mahindi.

"Ukiona hivi hakuna kuunga wala kupaka mafuta," alisema. "Ni kununua mwingine. Ukiwa mzima ndiyo unausafisha, unadondoshea oili nyepesi. Grisi inaalika vumbi."

Waya mpya ulipoingia, aliupitisha njia ileile ya zamani, usibanwe popote usukani unapogeuka. Kisha akalegeza nati ndogo karibu na mkono, akarekebisha mpaka mkono ukawa unacheza kidogo, milimita 2 hadi 5 hivi, kabla ya waya kuanza kuvuta. Akaikaza nati.

Akawasha injini na kuukata usukani kushoto hadi mwisho, halafu kulia hadi mwisho. Mngurumo haukubadilika. Ungepanda, maana yake waya umekaza mno au umepita vibaya, na pikipiki ingeongeza mwendo yenyewe kwenye kona. Baada ya hayo yote ndipo alipochukua bisibisi na kuweka silensa sawa.

Shida hii haiko Idodi peke yake. Katika nchi za baridi kali kama Kanada, watu hutembelea mashine zinazoteleza juu ya theluji, na waya wa mafuta ukiingia maji hugandia humo humo huku mashine ikienda mbio. Kule adui ni barafu. Huku ni vumbi.

Gari nalo lina waya

Pembeni ilisubiri Toyota Noah ya abiria, ya zamani kidogo. Dereva wake alilalamika kwamba inapiga resi ikiwa imesimama na inakunywa petroli kupita kiasi. Fundi mwingine alishamwambia sensa imekufa na kuizungusha kwa kubahatisha.

Gari la namna hii halina kabureta. Pedali inavuta waya, waya unafungua mlango mdogo wa hewa, na kwenye ekseli ya mlango huo imefungwa sensa. Kazi yake ni kuiambia kontroli boksi mlango umefunguka kiasi gani. Hupewa umeme wa volti 5, nayo hurudisha karibu nusu volti mlango ukiwa umefungwa, na zaidi ya volti 4 ukiwa wazi kabisa.

Waya ulikuwa umekazwa mno, hivyo mlango haukufunga. Sensa ilikuwa inasema kweli: mguu umeondoka, lakini mlango uko wazi. Fundi alilegeza waya mpaka mlango ukafunga wenyewe, ndipo akapima sensa kwa mita na kuirudisha mahali pake.

"Ukianza na sensa wakati waya umekaza," alimwambia dereva, "unaifundisha sensa kusema uongo."

Kijana alikuwa amechuchumaa karibu, anasikiliza. Hakuzungumzia tena abiria anayesubiri.

Jambo la kuangalia kabla mtoto hajapanda

Mzazi hahitaji spana. Amwombe dereva avute mkono wa mafuta na kuuachia, injini ikiwa imezimwa. Unapaswa kurudi wenyewe, kwa haraka, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Ukisuasua, mtoto asipande. Na asipande wa pili: sheria inaruhusu abiria mmoja, naye avae kofia ngumu. Pikipiki yenye mzigo mkubwa inachelewa zaidi kusimama siku waya unapokwama.

Dereva naye ajue mapema la kufanya ikitokea: abane klachi, azime injini, ashike breki bila kuyumba.

Mama alilipa, akafunga fundo la kanga. Kabla ya kupanda alinyoosha mkono, akavuta mafuta mwenyewe, akaachia. Mkono uliruka na kugonga mwisho wake.

"Sasa unasikia," aliiambia pikipiki. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, siku nyingine ikikutisha, unaniambia siku hiyohiyo. Nisisikie kwa mdogo wako."

"Sawa, mama. Nisamehe."

Waliondoka taratibu kuelekea mashambani. Vumbi liliwafuata hadi kwenye kona, na pale kijana alipoachia mkono, mngurumo ulishuka mara moja.